Mbunge wa Ghorofa ya Pili

Mzee wangu wa kwanza kila asubuhi, kuanzia mwezi wa tatu mwaka 2006, alikuwa mbunge. Alikuwa ameondoka bungeni miaka mingi kabla mimi sijajua kama kuna nchi inaitwa Uswidi, ila yeye mwenyewe hilo lilikuwa limemtoka kichwani. Kila nilipofungua mlango wake saa mbili kasoro robo asubuhi, nilimkuta ameketi mezani, kavaa koti na tai juu ya suruali ya kulalia, anangoja watu wa jimbo lake.

Nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ile ambayo sisi wote, Warundi, Wakongo, Wakenya, tunaiita hemtjänst hata tukiwa katikati ya Kiswahili. Nilikaa Jordbro na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Kazi ilikuwa Sundbyberg, na treni ya pendel, ile ya vitongojini, ilinichukua kutoka huku hadi kule bila kubadilisha. Watu sitawataja kwa majina. Tulitia sahihi ya kutunza siri za wazee, na ingawa wengi ninaowasimulia wamekwisha kufa, sahihi yangu bado imekaa kwenye kabati la mtu.

Mkuu wangu aliponikabidhi ufunguo aliniambia mambo matatu. Mzee amepoteza kumbukumbu. Ni mpole, hapigi wala hatukani. Na kile kiti cha mbao kilicho karibu na mlango nisikikalie, kwa sababu atakasirika.

Siku ya kwanza nilimwekea uji wa oti na dawa zake, akanitazama kwa makini, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Burundi. Akatikisa kichwa.

“Unapolala,” akasema. “Unalala wapi?”

“Jordbro.”

Uso ukamkunjuka. Akavuta kitambaa cha karatasi, akachora duara kubwa, na ndani yake duara dogo. Duara dogo, akanieleza, ni mji wa Stockholm wenyewe. Huo una jimbo lake na wabunge wake, wanakaa viti vyao. Sisi ni hili kubwa linalouzunguka. Akatia nukta moja juu, Sundbyberg, na nyingine chini kabisa, Jordbro. “Basi wewe ni wangu,” akasema.

Nikamweleza kwamba mimi si raia bado. Nilikuwa nimekaa nchini zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo niliruhusiwa kupiga kura ya manispaa na ya mkoa, lakini ile karatasi ya njano, ya bunge, haikuwa yangu. Mbunge hawezi kuwa wangu. Akaweka kijiko chini.

“Nani amekwambia mimi ni wa wale wanaopiga kura tu? Mimi ni wa wote wanaoishi humu. Keti. Shida yako nini?”

Alifungua daftari lenye jalada la kijani, akashika kalamu, akangoja. Nilikuwa na dakika kumi na mbili zilizobaki kabla ya mzee mwingine. Ili nimfurahishe nikamwambia kwamba mashine ya kufulia kwenye jengo letu imeharibika tangu Januari na kila tukilalamika tunaambiwa tusubiri. Akaandika yote: tarehe, Jordbro, mashine, Januari. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama wa karani. Akaniuliza tunafulia wapi kwa sasa, nami nikajikuta namjibu sawasawa, kwamba nafulia kwenye beseni. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo.

Zikapita wiki kadhaa ndipo nikaanza kuona kwamba mimi sikuwa mgeni wake peke yangu.

Asubuhi moja nilitoka kwenye lifti nikasikia anaongea. Nilidhani yuko kwenye simu. Nikasimama nje ya mlango nikiwa na ufunguo mkononi. Alisema maneno machache, akanyamaza kwa muda ule unaotosha mtu kumjibu, akaitikia “ndiyo, ndiyo,” akasema tena, akanyamaza tena. Nilipoingia, simu ilikuwa mahali pake. Alikuwa amekitazama kile kiti cha mbao. Mezani palikuwa na vikombe viwili, na vyote viwili vilikuwa vimenywewa hadi kwenye machicha.

“Subiri kidogo,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Ametoka mbali.”

Nilisubiri. Hata leo sijui kwa nini. Nilisimama kwenye zulia na mfuko wa dawa mkononi mpaka alipoinuka, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni, akasema asante kwa kuja. Ndipo nikapita. Vikombe nikaviosha, nikajiambia amevinywa vyote viwili mwenyewe. Huenda ni kweli.

Binti wa mzee aliishi mji mwingine na alipiga simu kila Jumapili. Nilipomweleza juu ya wageni hao hakushangaa. Akaniomba nimsomee majina kutoka kwenye daftari, nami nikayasoma, na kila jina akalitaja mwisho wake. Huyu alikuwa fundi wa viatu karibu na reli, akasema, alizikwa mimi nikiwa shuleni. Huyu alikuwa mwalimu. Huyu nilimsindikiza mimi mwenyewe na baba. Karibu wote walikuwa wapiga kura wake wa zamani, na karibu wote walikuwa makaburini. Lakini tarehe zilizoandikwa kando ya majina yao zilikuwa za mwaka ule ule, za wiki ile ile.

Nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mama mmoja Mkongo wa Uvira, mnene, mcheshi, aliyekuwa akitia Kifaransa kwenye kila sentensi. Siku nisizokuwepo yeye ndiye aliyekwenda kwa mzee. Alikuwa anasali kwenye ngazi kabla ya kuingia, na sala hiyo alikuwa anaisema kwa sauti.

“Dada, yule mzee iko na watu,” aliniambia.

“Ni ugonjwa,” nikasema.

“Franchement, mimi najua ugonjwa. Na najua watu.”

Lakini mmoja wa wageni wale alikuwa mzima. Jambo hili ndilo lililokuja kunichanganya baadaye, kwa hiyo nalisema wazi. Juu ya mzee, ghorofa ya tatu, alikaa bibi mmoja Mswidi, mwembamba, mwenye sweta refu la rangi ya majivu. Nilikutana naye kwenye ngazi mara nne au tano majira yale ya kuchipua. Alikuwa anasema “hej” huku akitazama ukutani. Jumanne moja ya mwezi wa tano nilifungua mlango nikamkuta yeye mwenyewe, kwa mwili wake, ameketi juu ya kile kiti cha mbao, mikono imelala mapajani, anamweleza mzee habari za unyevu kwenye dari ya bafu lake. Mzee alikuwa anaandika. Bibi aliponiona akainuka mara moja, kama mtu aliyefumaniwa, akaondoka.

“Huja kila Jumanne,” mzee akasema. “Hana mtu mwingine.”

Nilicheka moyoni. Kati ya jimbo zima la marehemu, mzee alikuwa na mpiga kura mmoja hai, na kumbe hata huyo alikuwa anakuja kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Kichekesho hicho kilinikaa siku mbili hivi, halafu kikaniacha na huzuni.

Julai mwaka ule ilikuwa ya joto kali. Madirisha yote yalikuwa wazi, ua wa jengo ulikuwa mtupu kwa sababu nusu ya watu walikuwa wamekwenda kwenye nyumba zao za mapumziko. Ukizungumza kwenye ngazi, sauti yako ilikurudia. Asubuhi moja, mwishoni mwa mwezi huo, nilimkuta mzee hayuko mezani. Alikuwa bafuni, amesimama na tai yake, kiganja chake amekiweka juu ya bomba lile linalopanda kutoka sakafuni hadi darini.

“Anagonga,” akasema.

“Nani?”

“Wa juu. Sikiliza.”

Nikasikiliza. Mara ya kwanza hakukuwa na kitu. Nikamshika mkono nimrudishe mezani, na tulipokuwa tumefika kizingitini nikasikia. Tik, tik. Kimya. Tik. Ilikuwa sauti ndogo sana, kavu, kama ya mtu anayegonga glasi kwa ukucha.

“Ni mabomba,” nikamwambia. “Mabomba ya joto hufanya hivyo.”

“Anasema njoo,” mzee akasema.

Nilikuwa nimechelewa. Kulikuwa na bibi wa kisukari aliyekuwa akingoja sindano mtaa wa pili. Nikamkalisha, nikampa uji, na kwenye faili la kazi nikaandika kwa Kiswidi changu cha wakati ule: Anasikia sauti, leo zaidi ya kawaida. Nikatia herufi za jina langu na saa. Kesho yake alikuwa bafuni tena, na keshokutwa. Siku ya nne nilimkuta mezani, nikafurahi. Nikamwuliza kama mabomba yametulia, akasema ndiyo, hagongi tena.

Baada ya hapo bibi wa juu akaanza kuja mwenyewe.

Ndivyo mzee alivyosema. Haikuwa Jumanne tu, ilikuwa karibu kila siku. Ningeingia saa mbili kasoro robo, naye angeniambia, “Ametoka sasa hivi, mmepishana mlangoni.” Nami nilikuwa nimepanda ngazi zote mbili kwa miguu, kwa sababu lifti ilikuwa na joto, na sikuwa nimepishana na mtu. Nilimwuliza bibi alitaka nini. “Anasema anaona baridi,” mzee akajibu. Nje kulikuwa na jua linalochoma lami. Siku nyingine alisema bibi ameomba maji. Siku nyingine, kwamba bibi hakusema kitu, alikaa tu kwenye kiti, na viatu hana.

Nakiri jambo hili kama lilivyo. Kusikia kwamba bibi anamtembelea kulinituliza. Nilijua kuwa yuko hai, nilikuwa nimemwona kwa macho kwenye kiti kile kile. Kwa hiyo kwenye faili nikaandika, mara tatu ndani ya mwezi wa nane: Ametembelewa na jirani. Wakuu wangu walipenda kusoma maneno kama hayo. Yalionyesha kwamba mzee si mpweke.

Mwenzangu wa Uvira ndiye aliyekataa. Alikuja kwangu kwenye chumba chetu cha kunywea kahawa, akaniambia hataki tena kwenda pale. Nikamwuliza ameona nini. Akasema hajaona kitu. Alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu vya mzee, mgongo ukiwa upande wa kile kiti, na akapata baridi mgongoni, kama mtu amefungua mlango wa friji nyuma yake. Nikamkumbusha kwamba madirisha yalikuwa wazi. “Madirisha ya mwezi wa nane,” akasema.

Kadi za kura zililetwa wiki ya mwisho ya Agosti. Katika nchi hii uchaguzi ni Septemba, na wiki chache kabla, posta inamletea kila mtu kadi yenye jina lake na mahali pa kupigia kura. Yangu ilifika Jordbro, bila bunge. Ya mzee niliiokota kwenye zulia lake, chini ya tundu la barua, nikamwekea mezani. Aliigeuzageuza kama mtu anayekagua noti. Kisha akainua macho kuelekea darini.

“Wa juu hajachukua yake,” akasema. “Ameniomba nimletee. Hafiki mlangoni.”

“Amekuomba lini?”

“Leo. Nenda wewe, miguu yangu imekataa.”

Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Ningeweza kusema baadaye, ningeweza kuandika kwenye faili. Lakini maneno yale, hafiki mlangoni, yalinishika. Nikatoka. Nikapanda ngazi moja.

Mlango wake ulikuwa kama milango mingine, wa kahawia, na tundu la barua lenye kifuniko cha chuma. Nikabonyeza kengele. Ndani palikuwa na watu wanaongea. Nilisikia sauti ya mwanamume na ya mwanamke, wanabishana kwa adabu, nikapumua, nikasema kumbe ana wageni. Nikabonyeza tena. Hawakunyamaza. Watu wanaobishana wakisikia kengele hunyamaza. Nikasogeza sikio, nikawaelewa: ilikuwa redio. Wagombea wawili walikuwa wakijadili kodi na huduma za wazee.

Nikapiga magoti, nikainua kifuniko cha tundu la barua.

Harufu ilitoka kwanza. Nilikwisha kuijua harufu ile, tangu nyumbani, tangu mwaka ambao sisi tuliokuwa Bujumbura hatupendi kuuhesabu. Kisha nikaona sakafu. Barua na magazeti ya matangazo yalikuwa yamepanda hadi karibu na tundu lenyewe, na juu kabisa, safi, ikinitazama, ilikuwepo kadi ya kura. Niliweza kusoma jina lake. Miezi yote hiyo sikuwa nimewahi kulijua.

Sikupiga kelele. Nilishuka, nikaketi kwenye ngazi, nikapiga simu kwa mkuu wangu, naye akapiga polisi.

Walikuja maofisa wawili na fundi wa jengo aliyekuwa na funguo. Mimi niliambiwa ningoje kwa mzee. Tulikaa naye mezani, tukasikia hatua juu ya vichwa vyetu, viatu vizito vikienda sebuleni, vikirudi, vikisimama bafuni. Redio ikazimwa. Mpaka wakati ule sikuwa nimetambua kwamba hata kutoka kwa mzee tulikuwa tukiisikia, kwa mbali, siku zote hizo. Mzee alikuwa ametega sikio.

“Sasa amepata watu,” akasema.

Baadaye ofisa mmoja, mwanamke mdogo mwenye uso mweupe kuliko kawaida, aliteremka kuniuliza maswali. Bibi alikuwa ameanguka bafuni, alinieleza. Mkononi alikuwa na kile kijiko kirefu cha chuma cha kuvalia viatu. Rangi ya bomba ilikuwa imechunika karibu na sakafu. Je, hapa chini kuna mtu aliyesikia kitu?

Nikafungua mdomo nikasema tulisikia mabomba. Mabomba ya joto.

Fundi wa jengo alikuwa amesimama mlangoni anafuta jasho. Alinitazama bila ubaya wowote. “Mabomba ya joto tunayafunga mwezi wa tano,” akasema. “Julai hayana maji ya moto. Hayalii.”

Mzee akalisukuma daftari lake la kijani juu ya meza hadi mbele ya yule ofisa, akalifungua yeye mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nikasoma pamoja naye. Jina la bibi, ghorofa ya tatu. Tarehe, halafu neno moja: Anagonga. Tarehe ya kesho yake: Anagonga. Nimemwambia msaidizi. Tarehe iliyofuata: Anagonga polepole. Nimemwambia msaidizi. Na ya nne: Kimya. Chini ya hapo tarehe ziliendelea, moja baada ya nyingine hadi asubuhi ile ile, na kila moja ilikuwa na maelezo ya mazungumzo. Ofisa alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Alipofika kwenye mazungumzo akalifunga, taratibu, akamrudishia.

Msaidizi ni mimi.

Mkuu wangu aliniita ofisini wiki ile. Alikuwa na faili mezani, limefunguliwa kwenye maandishi yangu. Hakunilaumu. Alisema mgonjwa wa aina ile husikia mambo mengi, hakuna ambaye angejua, na daftari la mzee aliyechanganyikiwa si ushahidi wa kitu. Alisema pia kwamba bibi hakuwa kwenye orodha yetu, hakuwa ameomba huduma. Kila neno lilikuwa sahihi. Nikamwuliza bibi alikuwa kwenye orodha ya nani. Akanipa namba ya mtu wa kuongea naye ikiwa nimeshindwa kulala, na kusema kweli nilikuwa nimeshindwa.

Nyumbani sikumficha binti yangu. Nilimsimulia kwa Kiswahili, naye, kama kawaida yake, akanijibu kwa Kiswidi, kwamba lilikuwa kosa la watu wote. Nilimwambia kosa la watu wote ni gauni lisilomtosha mtu yeyote. Hakuelewa, akanikumbatia.

Kwa mzee nilirudi. Wenzangu walishangaa, lakini niliogopa kutorudi kuliko kurudi. Asubuhi ya kwanza nilisimama nje ya mlango kwa muda mrefu, nikisikiliza. Alikuwa anaongea. Alinyamaza, akaitikia, akaongea tena. Nilipoingia sikumwuliza ni nani. Nilizunguka kiti kwa mbali, kama unavyozunguka mtu aliyeketi, na nikasema habari za asubuhi kwa wote waliokuwemo. Mzee alifurahi sana.

Ilipokaribia Septemba katikati, alisema anataka kupiga kura. Mtu asiyeweza kufika kituoni anaruhusiwa kutuma mjumbe, na wahudumu kama sisi tunaruhusiwa kuwa wajumbe. Nilimwuliza mkuu wangu ikiwa mtu aliyepoteza kumbukumbu bado ana haki hiyo. Akasema hakuna anayeweza kumnyang'anya. Basi nikaleta bahasha, na karatasi za rangi tatu za vyama vyote, nikazipanga mezani. Ilihitajika shahidi pia. Mwenzangu wa Uvira akakubali kuja, baada ya kusali kwenye ngazi.

Tuligeuka tukatazama dirishani wakati anachagua. Alichukua muda mrefu. Tulisikia karatasi zikisogea, na mara moja tukamsikia ananong'ona, kama mtu anayemshauri mwenzake mwenye macho mabaya. Mwenzangu alinishika kidole. Aliposema tayari, bahasha tatu zilikuwa zimefungwa vizuri kabisa, pembe kwa pembe. Akatia sahihi bila kutetemeka. Tukatia na sisi.

Jumapili ya uchaguzi nilizipeleka kwenye shule iliyokuwa kituo chake. Mwanamke mwenye miwani alichukua bahasha kubwa, akakagua sahihi, akatafuta jina la mzee kwenye kitabu chao kinene, akapiga mstari. Nilisimama pale zaidi ya ilivyohitajika. Akaniuliza kama kuna kingine. Nilitaka kumwuliza kama mle ndani jina la jirani wa ghorofa ya tatu bado lipo, limeachiwa nafasi yake nyeupe ya kupigiwa mstari. Nikasema hapana, asante. Nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wenye watoto na mbwa.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa gazetini siku chache baadaye, pamoja na majina ya wabunge wa kila jimbo. Mzee aliniomba nimsomee. Kwake gazeti lilikuwa limekuwa vumbi la herufi. Nikavuta kiti cha jikoni, nikatafuta jimbo letu, lile duara kubwa, nikaanza. Orodha ilikuwa ndefu. Nilisoma polepole, nikikosea majina ya Kiswidi, naye akinisahihisha matamshi huku amefumba macho.

“Soma tena,” akasema.

Nikasoma tena, mwanzo hadi mwisho.

“Sijasikia jina langu.”

Binti yake alikuwa ameniomba nisibishane naye juu ya mambo hayo. Ningeweza kudanganya, ningeweza kusema nimeruka mstari. Lakini mwezi ule nilikuwa nimechoka kuandika na kusema maneno yanayowatuliza watu.

“Wewe ulikwisha kustaafu,” nikamwambia. “Zamani sana. Sasa wamo wengine.”

Alifumbua macho, akatazama koti lake, tai yake, daftari lake. Niliona kwamba safari hii ameelewa, na kwamba dakika chache zijazo ataendelea kuelewa, na nilijuta. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akaangalia pale kwa muda, kama mwenye duka anayehesabu foleni wakati wa kufunga.

“Na hawa,” akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wasisikie, “atawapokea nani?”

Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniomba nimvue tai, na mikono yangu ilikuwa baridi, nikalihangaikia sana lile fundo, naye akaninyooshea shingo kwa subira mpaka likafunguka. Mwezi wa pili mwaka uliofuata alihamishiwa nyumba ya wazee karibu na binti yake, na mimi nikaomba kupewa njia nyingine, yenye wazee wengine.